Mikono ya Wayua na Nyumba ya Mawe

Wahenga walituachia methali kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Walimu huipenda sana, lakini huenda aliyeitunga hakuwahi kupanga chumba Kawangware. Kule, miaka ya sabini, ufa uliuziba na ukuta ukaujenga vilevile, kila mwaka, maana nyumba zilikuwa za fito na udongo, na mvua za Aprili hazikumwogopa mtu. Wapangaji walilia, wenye ploti walilia, na katikati ya vilio hivyo alikuwako mwanamke mmoja aliyekula, akavaa na akasomesha mtoto kwa nyufa za watu. Jina lake Wayua.

Hakuzaliwa fundi. Alikuja Nairobi mwaka wa sitini na sita kutoka Mutomo, huko Kitui, akimfuata mumewe Nyamai, ambaye kazi yake ilikuwa kukata matairi ya malori na kutengeneza viatu vya akala. Walipanga Kambi Muru, Kibera, katika chumba ambacho ukuta wake mmoja ulikuwa umechoka kusimama. Mvua ya kwanza iliponyesha, ukuta ukalala chini. Mwenye nyumba alikuja, akautazama, akasema pole, akaenda zake. Wayua alijifunga leso kiunoni, akachimba udongo nyuma ya nyumba, na baada ya siku nne ukuta ukasimama, laini, umenyooka, hata majirani wakaja kuugusa kwa viganja. Wa kwanza akamwita kwake, wa pili akamwita, na kabla mwaka haujaisha watu wa Kambi Muru walikuwa wakisema "mwite Wayua" kwa sauti ileile ya kumwita daktari.

Udongo una siri zake, na Wayua alizijua zote. Kubwa kuliko zote ni kwamba udongo hauchanganywi leo ukatumika leo. Unachimbwa, unamwagiwa maji, unafunikwa kwa magunia mabichi, kisha unaachwa ulale. Ukilala usiku mmoja bado ni mbichi. Ukilala usiku wa pili umekomaa, unanata, unakubali. Asubuhi ya tatu ndipo unapokanyagwa kwa miguu na kutiwa samadi na majivu. "Udongo ambao haujalala ni mwongo," alikuwa akisema. "Leo unashika, kesho unakuacha."

Sifa hizo zilifika Kawangware mwaka wa sitini na tisa, zikamfikia Mzee Gerishon Chege. Huyu alikuwa mwenyeji hasa, mzee wa kanisa, mtu wa koti zito hata jua likichoma, na mkononi mwavuli mweusi ambao aliutumia zaidi kunyooshea watu kuliko kujikinga. Baba yake alilima viazi pale. Yeye akapanda vyumba. Alikuwa navyo kumi na vinne, vyote vya udongo, na kila masika alikosa usingizi. Alimwita Wayua, akampa chumba cha mwisho upande wa nyuma, akamwambia, "Kaa hapa na mzee wako. Kazi yako ni kunishikia hizi kuta. Ukizishika, mimi sina maneno na wewe."

Akazishika miaka kumi na mitano. Watu hudhani fundi wa udongo anajua udongo tu. Ukimkandikia mtu ukuta kila mwaka, unamjua kuliko kasisi wake. Wayua alijua ni chumba gani ambacho ukuta una doa la mafuta ya kichwa pale mtu anapoegemea akiwaza, ni kipi ambacho mtoto amechora mistari kupima anavyokua, na ni kipi ambacho kuna tundu nyuma ya kitanda lenye vitu vilivyofungwa kwa kitambaa. Aliyapaka matundu pembezoni, akayaacha wazi katikati, wala hakumwambia mtu. Kila nyumba aliyoingia alipewa chai, akaketi na mikono yake ya udongo akasikiliza habari zote, na hivyo ndivyo ploti nzima ilivyojuana kupitia kwake.

Kisha mawe yakaja.

Yalianza polepole, kama mgeni anayepiga hodi. Jirani yao Naftaly alijenga nyumba ya mawe mwaka wa sabini na saba, na Wayua alisimama barabarani nusu siku nzima, ndoo kichwani, akitazama mafundi wakipanga jiwe juu ya jiwe. Baadaye hodi ikakoma, mgeni akaingia mwenyewe. Mahali palipokuwa na zizi pakawa na ghorofa. Huko Riruta Satellite maduka yakawekewa vioo, na ukienda kununua sukari unajiona mwenyewe ukija. Upande wa pili, ng'ambo ya Kibera, majengo ya Nyayo Highrise yalikuwa yakiinuka. Mara ya kwanza Wayua alipoyaona, akitoka kuwasalimu watu wake wa Kambi Muru, alihesabu madirisha mpaka akapotea hesabu, akaanza tena, akapotea tena. Alishikwa na kitu ambacho si woga wala si furaha. Alirudi nyumbani akamwambia Nyamai, "Watu wamejenga mlima."

"Na mlima una mlango?" Nyamai akauliza, uzi mdomoni.

"Una milango mingi mno. Nani atajua nani amekufa mle ndani?"

Mwezi wa pili mwaka wa themanini na nne, Mzee Gerishon aliwaita wapangaji wote uani baada ya ibada ya Jumapili. Alisimama akaegemea mwavuli, akasema vyumba vitabomolewa, ghorofa itajengwa, ya mawe, ya juu ya juu ya juu. Watu walikuwa na mwezi mmoja. Wengine walinung'unika, wengine wakaanza palepale kuulizana habari za vyumba Kangemi na Kibera. Wayua alikuwa akizitazama zile kuta, na moyo ulimuuma kama mtu anayesikia watoto wake wakisemwa vibaya mbele yake.

Watu walipotawanyika, mzee alimwita kando.

"Wewe, mama Musau, sijakuambia uende."

"Umesema watu wote, mzee."

"Nimesema wapangaji. Wewe ni fundi. Fundi wa nyumba yangu simfukuzi, hata baba yangu angeniuliza kaburini." Akachora mstari mchangani kwa ncha ya mwavuli. "Lakini sikiza. Nikimpa chumba kila mtu ambaye amebeba jiwe, hiyo nyumba itaisha yote. Kwa hivyo ni hivi. Nimeleta fundi mkubwa, anaitwa Omolo. Akikuchukua kama fundi, ufanye kazi kama fundi mpaka nyumba iishe, hapo juu kuna chumba chako, vile imekuwa. Lakini kama utakuwa kibarua tu…" Hakumaliza. "Hiyo siwezi, Wayua. Ndugu zangu watanikula."

Basi shauri likawa hilo. Awe fundi wa mawe, abaki. Asipokuwa, arudi Mutomo. Na Mutomo wakati huo hakukuwa na pa kurudi. Dada yake Ndinda alikuwa amemtumia salamu kwamba mawingu yanapita juu bila kusimama, mbuzi wanakula magunia, na watu wanaanza kutazamana. Wayua alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na katika maisha yake yote alijua kitu kimoja tu, na kitu hicho kilikuwa kinabomolewa.

Omolo alikuwa mtu wa Siaya, mrefu, mpole wa sauti, mkali wa macho. Alipoambiwa kwamba yule mama ni fundi, alimtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye akala.

"Fundi wa nini?"

"Wa kukandika."

"Udongo?"

"Udongo."

Omolo alivuta pumzi. Hakucheka, na Wayua alimpenda kwa hilo. "Mama, mimi sijawahi ona mwanamke akishika mwiko. Lakini mzee amesema nikuangalie, nitakuangalia. Kesho saa moja tunaanza kupanga mawe ya msingi upande huu wa lango, vyumba tutabomoa baadaye. Nataka mchanga na simiti iwe tayari. Hiyo utaweza?"

"Hiyo nitaweza," akasema Wayua.

Kuuliza si ujinga, lakini nani amwulize nani namna ya kuchanganya, baada ya miaka kumi na minane ya kuchanganya? Mgema naye alikuwa ameshasifiwa. Jioni hiyo, vibarua walipoondoka, Wayua alitoa mifuko miwili ya simiti stoo, akaimwaga kwenye mchanga karibu na lango, akageuza kwa sepetu mpaka rangi ikawa moja. Kisha akatia maji. Alitia kwa kipimo, akakanda, akaona mchanganyiko umelainika vizuri kuliko udongo wowote aliowahi kuushika. Akaufunika kwa magunia mabichi, akayapigapiga pembeni kama anayemfunika mtoto, akaenda kulala akiwa na furaha. Nafasi ilikuwa ya usiku mmoja tu, lakini kitu laini vile alijua kitatosheka; asubuhi Omolo atakuta kimelala, kimekomaa, kinangoja mikono tu.

Saa kumi na mbili asubuhi alikuwa ameshaamka. Alifunua gunia, akachovya jembe. Jembe likalia *ngaa!* likamrudi mkononi hata bega likatetemeka. Akajaribu upande mwingine. *Ngaa!* Alipiga magoti, akaweka viganja vyote viwili juu ya lile rundo. Lilikuwa baridi, gumu, na juu yake kulikuwa na alama za nyuzi za gunia, zimechapika moja moja. Jana ilikuwa vumbi ndani ya karatasi. Leo ni jiwe.

Yeyote mwingine angelia kwanza. Wayua hakulia kwanza. Alikaa pale chini akastaajabu, akastaajabu hasa, mdomo wazi. Maisha yake yote alikuwa akibembeleza udongo usimame mwaka mmoja tu, na hapa kuna kitu ambacho usiku mmoja kimesimama milele, bila kubembelezwa na mtu. Alielewa dakika ileile kwa nini mji mzima ulikuwa ukikimbilia mawe. Machozi yalikuja baadaye, alipoona Omolo anaingia langoni.

Vibarua walicheka mpaka wengine wakashika ukuta. "Mathe amepikia sisi mwamba!" akasema mmoja. Walijaribu nyundo, wakajaribu mtaimbo, jiwe likatoa cheche. Mwishowe waliliacha hapo langoni, na tangu siku hiyo likawa kiti cha kulia chakula cha mchana. Maji yakimwagika hayazoleki. Simiti ikishika ndiyo kabisa.

Omolo alimvuta kando. "Mama, simiti haingoji. Ukiiweka maji, una saa moja, mbili. Hukujua?"

"Ningejua ningefanya?"

"Basi utabeba maji. Nyumba ikiisha, tumeisha na wewe."

Mzee Gerishon aliambiwa, akalitembelea lile jiwe, akaligonga kwa mwavuli mara mbili, akatikisa kichwa. Alimtazama Wayua kwa huruma, na huruma hiyo ilimchoma kuliko kicheko cha wale wengine.

Akabeba maji. Vyumba vilibomolewa kwa siku mbili, vyote isipokuwa viwili vya nyuma vilivyoachwa viwe stoo, na katika kimoja cha hivyo Wayua na Nyamai wakaendelea kulala, kwa ruhusa ya mpaka mwisho wa kazi. Mtoto wao Musau alikuwa ameshapata kazi yake Athi River, kwa hivyo walikuwa wawili tu. Aliona kuta zake zikianguka. Hazikufanya hata kelele; ziliinama na kurudi chini zilikotoka. Watu aliowakandikia walibeba vitanda, wakaaga, wakaenda kila mtu na njia yake. Halafu ghorofa ikaanza kupanda. Wayua alipanda nayo, debe kichwani, ngazi za mbao zikimlilia chini ya miguu, na kila sakafu mpya iliyomwagwa alisimama juu yake kidogo, kwa siri, akipiga kisigino. Kuna mtu atatembea hapa, akawaza, na mwingine atakuwa amelala chini yake, na wala hawataonana. Jambo hilo halikuacha kumshangaza mpaka siku aliyokufa.

Mwaka ule masika hayakuja. Kufika mwezi wa nane, mifereji ya Kawangware ilikuwa ikikohoa tu, na maji yalikuwa ya kununua kwenye mikokoteni. Hapo ndipo kazi ya plasta ilipoanza, na plasta ni mlevi wa maji. Wayua alijua ni madebe mangapi yamepanda, maana shingo yake ndiyo iliyoyapandisha. Aliona mafundi wakibandika plasta juu ya jiwe kavu, lililochomwa na jua tangu asubuhi. Akipita alibisha kwa kifundo cha kidole, kama alivyozoea kubisha kuta zake. Ukuta mzima hujibu kwa sauti nzito. Huu wa magharibi ulijibu kama ngoma.

"Fundi," akamwambia Omolo, "huu ukuta haujashika."

"Mama, beba maji."

Jumapili iliyofuata Mzee Gerishon alitoka kanisani na suti yake, akaja na wageni wawili kuwaonyesha nyumba. Wayua alikuwa uani akifua. Mzee alinyoosha mwavuli, akaugonga ukuta wa magharibi kwa majivuno, na ukuta ukamvulia shati. Plasta yote, upana wa meza ya chakula, ikateleza ikamwangukia mbele ya viatu. Wageni wakaruka. Mzee akabaki amesimama kwenye vumbi, mwavuli hewani, kama mtu aliyepiga mlango ukafunguka kabla hajataka.

Omolo aliitwa kutoka kwake Satellite, akaja mbio. Mzee alimfokea mpaka koo likakauka. Omolo aliokota kipande cha plasta, akakivunja, kikawa unga.

"Vijana hawakulowesha jiwe," akasema. "Maji hakuna, mzee. Niliwaambia waloweshe, wakapakapaka tu juujuu."

Wayua alikuwa amesimama nyuma yao, sabuni mikononi. Mwanamke mwingine angenyamaza, na pengine angekuwa na haki. Alipiga moyo konde, akasema, "Jiwe lilikuwa na kiu. Limekunywa maji ya plasta, plasta imekufa. Ukuta unakunywa kwanza, halafu ndio unakula. Hata wa udongo ni hivyo."

Omolo alikuwa mtu wa haki; hilo lazima lisemwe. "Ni kweli," akasema. "Hata mimi najua. Lakini maji iko wapi?"

"Iko kwa mto, huko chini."

"Hiyo ni chafu, inanuka."

"Tangu lini ukuta ukawa na pua?"

Mzee Gerishon alicheka kabla hajakumbuka kwamba amekasirika.

Alfajiri ya Jumatatu Wayua na Nyamai walikodi mkokoteni, wakashuka bondeni. Walipanda mara sita kabla jua halijawa kali. Plasta mbovu ilikwanguliwa yote, na Wayua akaanza kuunywesha ule ukuta, kata kwa kata, kuanzia juu. Jiwe lenye kiu husikika. Unarusha maji, linafanya *sss*, doa linakauka ukilitazama. Alirusha siku nzima, na siku ya pili, mpaka akarusha na *sss* isisikike, maji yakateleza tu. Akaweka sikio ukutani. Mafundi walimtazama, lakini safari hii hakuna aliyecheka.

"Sasa," akasema.

Omolo akapangusa mwiko wake mwenyewe kwa suruali, akampa, mpini mbele. "Haya mama. Shika, nione."

Ningependa kusema kwamba mkono wake uliruka ukafanya maajabu. Haukuruka. Plasta yake ya kwanza ilikuwa na mawimbi kama shuka ambalo halijapigwa pasi, Omolo akaikwangua. Ya pili akaikwangua. Ya tatu akaiwekea pimamaji, akaikwangua nusu. Wayua alikuwa akisahau mwiko na kutumia viganja, maana ndivyo alivyojua, kumalizia kwa kiganja, kama mtu anayepaka mtoto mafuta. Lakini simiti haitaki ngozi ya mtu. Kwa siku tatu tu ilimla vidole, ikampasua, usiku hakuweza kushika kikombe. Nyamai aliona, akachukua tyubu ya tairi la lori, akakata, akashona kwa uzi wa akala, na asubuhi akamvisha glavu mbili nyeusi, nzito, za mpira. "Sasa unafanana na daktari wa ng'ombe," akamwambia. Wayua alicheka mpaka akalia. Alikuwa na furaha, na pia alikuwa na huzuni, kwa sababu alijua hatagusa tena ukuta kwa mkono mtupu.

Kufika mwezi wa kumi, ukuta wa magharibi wote ulikuwa wake, kutoka chini mpaka juu, na Omolo aliupitishia pimamaji akasema neno moja, "Fundi." Hakusema mama.

Siku aliyomaliza sehemu ya juu kabisa, Wayua alipanda mpaka kwenye paa la zege, akasimama. Alikuwa hajawahi kuwa juu vile maishani mwake. Vilima vya Ngong vilikuwa karibu kama vinaweza kuokotwa. Aliiona Kawangware yote, akaliona bonde, akaiona Kibera ikimetameta, na nyuma yake madirisha ya Nyayo Highrise ambayo hakuyamaliza kuhesabu. Alitafuta nyumba alizozikandika, za miaka kumi na minane, mamia. Zilikuwa pale chini, lazima zilikuwa pale, lakini hakuna ukuta hata mmoja ulioonekana. Kutoka juu mji ulikuwa mabati tu, na katikati ya mabati, hapa na pale, ghorofa za kijivu zikisimama kama mahindi yaliyotangulia kuota. Mikono yake ilikuwa imeshikilia mji mzima, na mji haukuonyesha. Alikaa chini. Hakuna siku aliyoiogopa na kuipenda Nairobi kama siku hiyo.

Nyumba iliisha mwezi wa pili mwaka wa themanini na tano. Mzee Gerishon alitimiza neno lake. Mbele ya ndugu zake wote, na wengine walikuwa wamekunja uso, alitoa ufunguo mfukoni, akasema, "Huu ni wa fundi wangu," akampa Wayua chumba cha juu kabisa, upande wa magharibi. Kulikuwa na taa iliyowaka ukibonyeza. Kulikuwa na bomba, na maji, yaliporudi, yalipanda yenyewe mpaka juu bila shingo ya mtu. Siku ya kwanza Wayua alilifungua na kulifunga mara nyingi mpaka Nyamai akamuuliza kama analifunza kazi. Wapangaji wapya walihamia, makarani, mwalimu, wauguzi wawili. Walifunga milango yao na vitasa vya chuma, na wakikutana kwenye ngazi walipishana bila kuinua macho.

Kisha masika yakaja, na safari hii yalikuja na deni la mwaka mzima. Yalinyesha tangu jioni mpaka alfajiri, na mabati ya majirani yakalia kama yanapigwa mawe. Saa kumi na moja na nusu Wayua alikuwa ameshajifunga leso, ameshika ndoo. Alishuka ngazi zote, akatoka nje, akaizunguka nyumba taratibu akiangalia chini ya kuta, mahali ambapo miaka yote udongo ulianza kuyeyuka. Aliangalia pembe ya mashariki, akaangalia nyuma, akabisha kwa kifundo cha kidole. Hakuna kilichoanguka, wala ufa, wala tone. Nyumba ilikuwa imesimama kwenye mvua kama haijui kwamba kuna mvua. Alistaajabu, akajivuna, na palepale akatambua kwamba nyumba hii haitamwita tena.

Alipokata kona ya magharibi alikutana uso kwa uso na Mzee Gerishon. Mzee alikuwa na koti lake na mwavuli, safari hii umefunguliwa, na viatu vimejaa matope. Miaka kumi na mitano, kila mvua kubwa ya kwanza, walikuwa wamekutana hivi alfajiri, yeye akinyoosha mwavuli kuonyesha palipoanguka, Wayua akisema ni siku ngapi. Kumbe hata yeye miguu ilikuwa imemtoa kitandani bila kumuuliza.

Wakatazamana. Mzee akatazama ndoo, Wayua akatazama mwavuli.

"Imeanguka wapi?" akauliza mzee.

"Hakuna mahali, mzee."

"Hakuna kabisa?"

"Kabisa."

Wakaanza kucheka, watu wazima wawili kwenye mvua, mpaka mwalimu wa chini akafungua pazia akawachungulia, akalifunga. Kisha kicheko kikaisha. Mzee alisugua kiatu chake kwenye jiwe kuondoa tope.

"Sasa, Wayua," akasema polepole, "mimi na wewe tutakuwa tukikutana wapi? Hata kanisa si moja."

Katika miaka yote hiyo mwenye ploti hakuwahi kuketi ndani ya chumba cha mpangaji. Haikuwa desturi, mwenye ploti husimama mlangoni, akasema lake, akaenda. Wayua alikiangalia kile chumba chake kule juu, taa ikiwaka, Nyamai akiwa ameshaamka.

"Panda juu, mzee," akamwambia. "Kuna chai."

Mzee Gerishon alitazama ngazi, akatazama umri wake. Akafunga mwavuli. Alipanda taratibu, Wayua nyuma yake na ndoo tupu, na kwenye kona ya pili akasimama kupumua, mkono wake mzima umeegemea ule ukuta wa magharibi. Aliuondoa, akautazama ukuta, akaurudisha, akauacha pale kwa muda.

"Ni laini," akasema, na akaendelea kupanda.